Mgonjwa Ana Kwao

Alfajiri ya Julai 14, 1970, zaidi ya vijana mia moja wa chama cha Young Lords, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Puerto Rico, waliingia katika jengo moja la Hospitali ya Lincoln, kusini mwa Bronx jijini New York, wakafunga milango na kutundika bendera ya kisiwa chao. Wakazi wa mtaa ule waliiita hospitali hiyo bucha. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, na jiji lenyewe lilikuwa limekwisha kukiri kwamba majengo yake hayafai tena. Hata hivyo, humo ndimo walimojifungulia wanawake wa Kipuerto Rico na Wamarekani weusi wa Bronx, na humo ndimo walimokimbizwa majeruhi na waliozidisha heroini. Vijana wale walidai jengo jipya, huduma za kinga nyumba kwa nyumba, na sauti ya wakazi katika uendeshaji wa hospitali. Kabla siku haijaisha walikuwa wameondoka.

Novemba ya mwaka huohuo walirudi. Safari hii walikuja na wanachama wa Black Panthers, chama cha Wamarekani weusi, wafanyakazi wa afya waliochoshwa na hali ile, na waraibu wenyewe. Wakashika sehemu ya makazi ya wauguzi na kuanza kupokea wagonjwa bila kungoja kibali cha mtu. Mamia ya watu walijitokeza. Baadaye jiji lilikubali kuigharimia huduma hiyo, na ikajulikana kwa jina la Lincoln Detox.

Aliyefika pale hakukuta dirisha dogo na karani anayeuliza namba ya kadi. Alipokewa na mtu wa mtaani kwao, mara nyingi mtu aliyewahi kutumia unga yeye mwenyewe, aliyezungumza naye Kihispania au Kiingereza cha Bronx. Alipewa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kwa dozi iliyopunguzwa siku hadi siku ili arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, isimwangushe. Alipopata nguvu aliingizwa kwenye vikao vya kujadili kwa nini heroini ilikuwa rahisi kuipata Bronx kuliko kazi. Wengine waliona vikao hivyo ni siasa tupu. Mimi naona vilikuwa sehemu ya tiba, maana kijana aliyezoea kuambiwa kwamba uraibu ni uoza wa nafsi yake alisikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna sababu nje yake pia, na kwamba yeye anaweza kuwa miongoni mwa watakaoziondoa.

Katikati ya miaka ya 1970 Lincoln Detox ilianza kutumia akupancha. Wamarekani walikuwa wameanza kuifahamu tiba hiyo ya Kichina tangu 1971, pale James Reston wa gazeti la New York Times alipopasuliwa kidole tumbo mjini Beijing na kuandika jinsi alivyotulizwa maumivu kwa sindano. Miongoni mwa waliojifunza na kuwafundisha wenzao alikuwa Mutulu Shakur, ambaye baadaye alikuwa baba wa kambo wa mwanamuziki Tupac. Utaratibu wao ulikuwa huu: sindano tano katika kila sikio, wagonjwa wamekaa pamoja kimya, hakuna anayelazimishwa kueleza maisha yake siku ya kwanza. Mwaka 1978, chini ya Meya Ed Koch, jiji liliivunja huduma ile kwa msaada wa polisi. Utaratibu wa sindano tano ulibaki. Daktari Michael Smith aliyekuwa Lincoln aliuendeleza, na tangu 1985 umesambazwa katika nchi nyingi.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, ukihusisha watu 620 waliokuwa na uraibu wa kokeini, haukuona kwamba sindano hizo zinashinda sindano za kuzuga. Jambo hilo lisemwe wazi, kwa sababu mtu anayeugua anastahili kuambiwa kinachofanya kazi na kisichothibitishwa. Kwa uraibu wa heroini, methadoni ndiyo yenye ushahidi mzito: inapunguza vifo, na hasa kwa wale wanaoendelea nayo kwa muda mrefu. Basi kilichowavuta watu Lincoln hakikuwa sindano peke yake. Walivutwa na mtu aliyekaa mlangoni, na wakabaki kwa sababu ya mamlaka waliyopewa ndani.

Leo Walatino nchini Marekani ni wengi kuliko wakazi wa Kenya. Sensa ya 2020 iliwahesabu milioni 62.1. Kundi lenyewe si kitu kimoja: wamo Wameksiko ambao mababu zao waliishi Texas na New Mexico kabla mpaka wa Marekani haujawafikia, Wapuerto Rico ambao ni raia tangu 1917, Wakuba, Wadominika, Wasalvador, na Waguatemala wa jamii za Wamaya ambao Kihispania kwao ni lugha ya pili. Wanachofanana ni ugumu wa kupata tiba ya akili. Takwimu za serikali za mwaka 2022 zilionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima wenye tatizo la afya ya akili, Wazungu waliopata tiba walikuwa asilimia 56, Walatino wakiwa karibu 40. Uchunguzi wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani wa mwaka 2015 ulikuta kwamba ni asilimia 5 na nusu tu ya wanasaikolojia wanaoweza kumhudumia mtu kwa Kihispania. Mwanamke wa kwanza wa asili ya Kilatino kupata shahada ya uzamivu ya saikolojia nchini humo, Martha Bernal, aliipata mwaka 1962 tu, Chuo Kikuu cha Indiana.

Mtu anaweza kudhani kwamba umaskini wa wahamiaji ndio unaowaumiza akili zaidi. Mwaka 1998 William Vega na wenzake walitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Walikuwa wamewahoji watu wa asili ya Meksiko kama elfu tatu katika kaunti ya Fresno, California, eneo la mashamba ya zabibu na matunda. Miongoni mwa waliozaliwa Meksiko na kuvuka mpaka, waliowahi kupata tatizo la akili au la ulevi na dawa maishani walikuwa asilimia 24.9. Miongoni mwa waliozaliwa Marekani walikuwa asilimia 48.1. Na kadiri mhamiaji alivyokaa Marekani miaka mingi, ndivyo hali yake ilivyozidi kufanana na ya mzaliwa.

Takwimu hizo zimejadiliwa sana, na si Walatino wote walio hivyo. Kwa Wapuerto Rico tofauti hiyo haionekani kwa uzito huo. Lakini zinamlazimisha mtu kuuliza mhamiaji alikuja na kinga gani ambayo mtoto wake ameipoteza. Wengi wameitafuta katika familia: bibi aliye karibu, mezani watu wengi, aibu ya kumwangusha mama, ubatizo na sherehe ya kila mara, mzee ambaye neno lake bado lina uzito. Tiba inayomchukua kijana wa Kilatino na kumfundisha kwanza kujitegemea na kuweka umbali na wazazi wake inamwondolea kilichokuwa kimembakisha salama.

Mjini Miami jambo hilo lilionekana mapema. Baada ya mapinduzi ya 1959, Wakuba kwa mamia ya maelfu walihamia Florida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 familia zao zilianza kushuhudia watoto wa kiume na wa kike wakiingia kwenye bangi, vidonge na magenge. Mwanasaikolojia José Szapocznik, mzaliwa wa Kuba, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Miami, waliendesha kituo cha kuhudumia familia zinazozungumza Kihispania. Kwanza waliwasikiliza. Waligundua kwamba familia hizo hazikumtaka mshauri anayekaa kimya akingoja mgonjwa achimbue utoto wake. Zilimtaka mtu anayeongoza, anayeshughulikia tatizo la leo, na anayewaheshimu wazazi mbele ya watoto.

Ugomvi waliouona nyumba baada ya nyumba ulikuwa na umbo lile lile. Mtoto hujifunza Kiingereza kwa mwaka mmoja, mzazi hakijui baada ya miaka kumi. Mtoto ndiye anayesoma barua ya benki, anayejibu simu ya mwenye nyumba, anayekwenda na mama kwa daktari. Ukubwa wa mzazi unapungua kila anapofungua mdomo nje ya nyumba. Mtoto naye anaona wazazi ni watu wa zamani wasiojua dunia ilivyo. Mzazi anapozidi kukaza kamba, mtoto anazidi kuvuta upande wa pili, na rafiki wa mtaani mwenye bangi mfukoni anakuwa ndiye anayemwelewa. Msomaji yeyote aliye na ndugu Minneapolis au Birmingham anaijua nyumba hiyo.

Tiba waliyoitengeneza inachukua vikao kati ya 12 na 16. Mshauri anaingia kwenye familia kama mgeni mwenye adabu: anamsalimu baba kwa heshima yake, anazungumza na mama, anajua nani anasikilizwa na nani ananyamazishwa. Hamchukulii mtoto kama mkosaji wala mzazi kama mkoloni. Anapanga upya mazungumzo yao papo hapo, mbele yake, mpaka mzazi aweze kuweka mpaka bila kutukana na mtoto aweze kukataa jambo bila kukimbia nyumbani.

Shida kubwa ilikuwa kuwaleta. Baba hataki, kijana haji, mama amechoka. Kwa kawaida kliniki huandika kwamba familia haikutoa ushirikiano, faili linafungwa. Kundi la Miami lilikataa hitimisho hilo. Walianza tiba kwenye simu ya kwanza, wakazungumza na yule aliye mgumu zaidi, wakaenda nyumbani ilipobidi. Katika utafiti wao wa mwaka 1988 uliohusisha familia 108, asilimia 93 ya zile zilizofuatwa namna hiyo ziliingia kwenye tiba, dhidi ya asilimia 42 ya zile zilizoachiwa utaratibu wa kawaida. Waliomaliza walikuwa asilimia 77 dhidi ya 25. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2011, katika vituo vinane na familia 480, lilionyesha tena kwamba familia zilishikamana na tiba na mahusiano ya nyumbani yakawa bora, ingawa katika matumizi yenyewe ya dawa tofauti haikuwa kubwa. Kwangu mimi hilo la kwanza halipungui thamani kwa sababu ya hili la pili. Mtu hawezi kuponywa na tiba asiyoifikia, na yule aliyeandikwa kuwa hana ushirikiano huenda hakuna aliyewahi kumfuata vizuri.

Brooklyn, jijini New York, walianza na watoto wadogo. Mwaka 1986 Giuseppe Costantino, Robert Malgady na Lloyd Rogler walichapisha matokeo ya tiba iliyotumia ngano za Puerto Rico. Watoto wa madarasa ya mwanzo, waliokuwa na dalili za wasiwasi na utundu uliopita kiasi, walikaa na mama zao na washauri, wakasomewa ngano hizo kwa Kihispania na Kiingereza, wakazijadili, kisha wakaziigiza. Kundi moja lilisomewa ngano zilivyo. Jingine lilisomewa ngano zilezile zikiwa zimehamishiwa kwenye maisha ya New York. Wasiwasi ulipungua zaidi kwa waliosomewa hizo zilizohamishwa. Mtoto aliyezaliwa Brooklyn hakuhitaji kisiwa asichokijua kihifadhiwe kama kilivyokuwa. Alihitaji busara ya bibi yake imfuate mpaka kwenye ngazi za jengo anamoishi. Hapa kuna jambo ambalo wengi wanaozungumzia utamaduni katika tiba hulisahau: utamaduni wa mgonjwa ni ule anaouishi leo, pamoja na mchanganyiko wake wote.

Mjini New Haven, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, wakiwemo Manuel Paris na Luis Añez, walitengeneza mafunzo ya kompyuta kwa Kihispania ya kumsaidia mtu kuacha dawa na pombe, na badala ya mihadhara wakatumia tamthilia ya mapenzi na fitina ya aina ambayo Amerika ya Kilatini imeusambazia ulimwengu mzima. Sisi tuliokuwa tukikaa mbele ya televisheni kila jioni kufuatilia tamthilia za Kimeksiko tunajua nguvu yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, kutokana na watu 92, yalikuwa mazuri: waliotumia mafunzo hayo pamoja na tiba ya kawaida walipunguza matumizi zaidi ya waliopata tiba ya kawaida peke yake.

Kuna upande wa utambuzi wa ugonjwa, na hapo makosa ya zamani yaliwaumiza watu. Katika miaka ya 1950 madaktari wa jeshi la Marekani waliwaona askari wa Kipuerto Rico wakitetemeka, wakilia, wakipiga kelele, wakihisi joto likipanda kutoka kifuani hadi kichwani, baadhi wakianguka. Madaktari waliita hali hiyo ugonjwa wa Kipuerto Rico, kana kwamba kisiwa kizima ni mgonjwa. Nyumbani kwao inaitwa ataque de nervios, na watu wanajua inamjia nani na lini: kwenye msiba, kwenye habari ya talaka, mtoto anapokamatwa. Ndugu wanajua la kufanya. Wanamshika, wanamsugulia spiriti, wanamwombea, wanamsikiliza. Mtu mwenye hali hiyo akifikishwa kwenye chumba cha dharura ambako hajui lugha, anaweza kupewa dawa ya kifafa au ya kichaa na kufungwa kitandani.

Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, umeieleza hali hiyo pamoja na nyingine nane za jamii mbalimbali. Mojawapo ni kufungisisa ya Washona wa Zimbabwe, kuwaza kupita kiasi hadi mwili unachoka. Toleo hilo pia liliwapa madaktari maswali 16 ya kumuuliza mgonjwa: tatizo lako unaliitaje, unadhani limesababishwa na nini, ndugu zako wanalionaje, ni msaada gani ungekufaa. Ni maswali ambayo mganga mwema wa kijijini huanza nayo. Yaliingia kwenye kitabu cha wataalamu baada ya zaidi ya miaka 60 ya vitabu hivyo, na hata sasa, kliniki yenye dakika 15 kwa kila mgonjwa haiyafikii.

Bronx, kwa mara nyingine, ilikuwa na jibu mapema. Miaka ya 1970 madaktari wa akili waliohusiana na Lincoln, miongoni mwao Pedro Ruiz, waliwaendea waganga wa mizimu wa Kipuerto Rico mitaani, wakazungumza nao, wakaelewana kupelekeana wagonjwa. Daktari alibaki na dawa zake na mganga na mishumaa yake. Mgonjwa hakulazimika kumdanganya mmoja kuhusu mwingine. Na miaka ya karibuni mabenchi ya rangi ya chungwa yaliwekwa kusini mwa Bronx kwa mfano wa yale ya Zimbabwe, ambako tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kuwasikiliza wenye sonona. Afrika imepeleka tiba New York, na jambo hilo lijulikane.

Sasa niseme lililo gumu, kwa sababu kuna hatari ya kudhani kwamba Kihispania na picha ya Bikira Maria wa Guadalupe ukutani vinatosha. Kwa miaka kadhaa, polisi na baadhi ya manispaa za Puerto Rico waliwakusanya waraibu wa barabarani, wakawapa tiketi ya ndege ya kwenda bila kurudi na ahadi ya kituo kizuri cha tiba Marekani bara. Mwaka 2015 waandishi wa Chicago walilifichua jambo hilo. Baadaye Philadelphia ikaonekana nayo ni kituo cha mwisho cha safari hizo. Waliofika walikuta nyumba zisizosajiliwa, magodoro sakafuni, hakuna daktari, hakuna methadoni. Mtu alikaa kwenye kiti akitukanwa na kupigiwa kelele mbele ya wenzake kwa saa nyingi, kwa imani kwamba aibu itamponya. Wengine walinyang'anywa vitambulisho. Waliotoka waliishia barabarani, kwenye baridi ya kaskazini, katika jiji wasilolijua, bila karatasi za kuombea msaada.

Nyumba hizo ziliendeshwa na Walatino wenyewe, kwa Kihispania, na wengi wa viongozi wake walikuwa waraibu waliopona. Kila kitu ambacho mtu angekiita cha kwao kilikuwepo, isipokuwa elimu ya tiba na mtu wa kuwawajibisha. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema mwenzetu ndiye atakayetutibu, basi. Wenzetu nao wanaweza kutuua. Mgonjwa wa Kilatino ana haki ya mtu anayemfahamu na ana haki ya dawa iliyothibitishwa, vyote viwili, katika chumba kimoja.

Kaskazini mwa New Mexico, bonde la Española, mwanaanthropolojia Angela Garcia alifanya kazi za usiku katika kliniki ya kuondoa sumu ya heroini na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2010. Alikuta familia ambazo bibi, mama na binti wote wanadunga, na binti hawezi kuacha kwa sababu kuacha ni kama kumwacha mama yake peke yake katika ugonjwa. Hapo familia, ile ngao ya Fresno, ndiyo njia ambayo ugonjwa unapitia. Garcia aliufuatilia uchungu wa bonde hilo hadi kwenye ardhi. Baada ya mkataba wa 1848 uliohamishia eneo hilo kwa Marekani, wakazi walipoteza malisho na misitu yao ya pamoja kidogo kidogo, kwa mahakama na kwa hila, na masimulizi ya kupokonywa huko bado yanatajwa mezani na makaburini. Mshauri anayefika pale na kumwambia mtu avunje uhusiano na nyumbani hajui anachokiomba. Jimbo hilo, kwa sifa yake, mwaka 2001 lilikuwa la kwanza Marekani kumlinda kisheria ndugu au jirani asiye daktari anayempa mtu aliyezidisha dawa naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi. Mama anapewa dawa ya kumwokoa mwanawe nyumbani. Hiyo ni sheria inayojua watu wanaishi na nani.

Haya yote yanahitaji mtu afike kliniki bila hofu, na hofu imerudi kwa nguvu. Agizo la Rais Clinton la mwaka 2000 lilizitaka ofisi za serikali na wanaopokea fedha zake kuwahudumia hata wasiojua Kiingereza. Machi 2025 Rais Trump alilifuta, alipokitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani. Wiki chache kabla ya hapo, serikali yake ilifuta mwongozo uliokuwa ukiwazuia maofisa wa uhamiaji, isipokuwa kwa nadra, kukamata watu hospitalini, shuleni na kwenye nyumba za ibada. Mama mwenye sonona ambaye mumewe hana karatasi sasa anapima: kwenda kwenye miadi au kubaki nyumbani. Wahudumu wa afya ya jamii wa Kilatino, wanaoitwa promotores, wengi wao akina mama wanaotembea mlango kwa mlango, ndio waliobaki daraja. Wanalipwa kidogo au hawalipwi. Serikali na mashirika yanayopenda kuwapiga picha kwenye taarifa zao za mwaka yanapaswa kuwapa mishahara.

Wazungumzaji wa Kiswahili wamo ndani ya jambo hili. Katika miaka kadhaa ya muongo uliopita, Kongo ndiyo nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko zote waliopokewa Marekani, na wengi wao lugha yao ni Kiswahili. Walitoka Kivu na vita, wakapitia kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania au kambi za Uganda na Burundi, wakafikishwa mijini ambako mtoto wa darasa la sita ndiye anayemweleza daktari kwamba mama halali usiku. Mtoto hapaswi kulibeba hilo. Hapaswi kusikia yaliyompata mama yake, wala mama hapaswi kuyaficha kwa sababu anayetafsiri ni mwanawe.

Hapa nyumbani Tanzania tumekwisha kuona kinachowezekana. Kliniki ya methadoni ya Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifunguliwa Februari 2011, na waliowaleta wengi wa wagonjwa wa mwanzo walikuwa wahudumu wa mitaani waliojua mageto ya Kinondoni na Temeke kwa majina. Wale vijana hawakufuatwa kwa vipeperushi tu.

Kwa ndugu msomaji aliye Marekani, au aliye na jamaa huko: maagizo ya marais yanabadilika, lakini Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 bado ipo, na hospitali inayopokea fedha za serikali kuu haiwezi kumbagua mtu kwa asili yake, na lugha imehesabiwa humo. Omba mkalimani bila malipo, ukiitaja lugha ya Kiswahili kwa jina, na usikubali mwanao ageuzwe kuwa mkalimani. Namba ya dharura ya afya ya akili ni 988, saa zote; mzungumzaji wa Kihispania anabonyeza 2, na lugha nyingine huunganishwa kwa mkalimani wa simu. Piga kabla mambo hayajaharibika, na ukipewa miadi, mwambie mtaalamu mapema nani wa nyumbani ungependa aje nawe.